Koplo Aliyepiga Saluti Kitandani

Wauguzi wenzangu, leo mgonjwa mahututi amepiga saluti huku macho ameyafumba!

Nabandika hii hapa ubaoni kabla sijalala. Nimechoka, hata viatu sijavua.

Ni yule koplo wa ajali ya lori, barabara ya Kasese. Tunamlaza kwa sindano za usingizi, na mashine ya kumchunga hatuna. Mashine ni mimi: nahesabu pumzi, namwita jina, nangoja aitikie.

Asubuhi yote kimya. Mkewe, mama wa Butembo, naye akaita mpaka sauti ikakauka. Nikaanza kuogopa kwamba dawa imemzidi.

Akaingia sajenti wake kumjulia hali.
"Koplo! Amka!"

Mkono ukapanda mpaka kwenye paji la uso.

Nikacheka kwa furaha. Mama hakucheka.
"Hata ku nyumba iko vile," akasema. "Miye naita, yeye kimya."

Sajenti akaondoka. Wakati wa kumwita tena ulipofika, mama akanizuia. Akafunga kitenge vizuri, akasimama wima.
"Koplo! Amka!"

Mkono ukapanda. Mama akaudaka, na mpaka sasa hajauachia.

Muda wa wageni umepita zamani. Nani kati yenu ataenda kumtoa? Andika jina lako hapa chini.

Langu halimo.