Trei ya Mayai ya Mnadani

Mdomo wangu hauna breki, na nilipopata simu janja nikaona nimepata uwanja. Usharikani kwetu Mufindi, ibada ikiisha tunafanya mnada nje ya kanisa: kuku, viazi, mayai, vyote sadaka za waumini. Jumapili moja nilinunua trei ya mayai iliyotoka kwa mama mmoja mjane, mfugaji wa kuku. Yai la kwanza kulivunja, viza. La pili, viza. Hasira zikanipanda. Nikajirekodi sauti palepale jikoni nikisema yule mama anawauzia watu mayai mabovu, nikarusha kwenye grupu la kwaya.

Kufika Alhamisi sauti ilikuwa imesambaa, na shule aliyokuwa akiipelekea mayai ikamwambia asilete tena. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini, ndiyo riziki yake. Akaenda polisi, nami nikaitwa.

Nilikwenda kifua mbele. Askari, dada mmoja mpole, akanieleza kuwa siku hizi kusambaza uongo kwa simu ni kosa kisheria, na kufuta ujumbe hakufuti kosa. Nikajibu kuwa si uongo, mayai nimevunja mwenyewe. Yule mama akauliza taratibu niliyanunua lini. Nikamtajia. Akasema yeye trei ile aliitoa mwezi mzima nyuma.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu mtu akinunua kitu mnadani, mara nyingi hukirudisha kanisani kinadiwe tena. Trei ile ilikuwa imenunuliwa na kurudishwa Jumapili baada ya Jumapili, ikipigwa jua, na mmoja wa waliorudisha, wiki za nyuma kabla sijainunua tena, ni mimi. Askari alicheka mpaka akavua kofia. Mama naye akacheka, nami nikaona aibu na nafuu kwa pamoja.

Akakubali tuyamalize. Jumapili iliyofuata nikajirekodi mnadani nikikiri kosa mbele ya usharika, huku yeye akivunja mayai ya asubuhi ile kwenye beseni, yote mazuri. Mwalimu mkuu wa ile shule, naye muumini wetu, akaagiza trei tano hapohapo, kina mama wakapiga vigelegele.

Tuliporudi kituoni kufuta malalamiko, askari akamuuliza kama ameridhika.

“Shule wamerudi, nashukuru,” akasema. “Ila jana mteja wangu wa Mbalizi kanipigia, sauti yako imemfikia na hataki tena mzigo. Huko nako nikavunje mayai kwenye beseni la nani?”

Hakuna aliyecheka. Nikatoa simu, nikamwomba namba ya huyo mteja.