Ng'ambo ya Wapi

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani, mwanangu, nilipomfanya bibi kizee wa watu kuwa askari wa jumba la mfalme. Nilimpa na namba kabisa, kumi na nne, kwa rangi nyeusi juu ya kibao cheupe. Cheka tu, hata mimi nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa miaka ishirini na mbili, karani wa ofisi moja pale mjini Unguja. Nilikuwa na suruali ya kaki iliyopigwa pasi, kalamu ya wino mfukoni, na baskeli, na kwa vitu vitatu hivyo nilijiona nimeshaimaliza dunia. Mzungu mkuu wa ofisi yetu alinipa kazi ambayo makarani wenzangu waliikimbia: kuyatafuta makaburi ya askari waliokufa siku ile jumba la mfalme lilipopigwa mizinga na manowari za Waingereza. Habari zake unazijua. Vita vilianza asubuhi, na kabla jua halijapanda vizuri vilikuwa vimeshakwisha. Karibu miaka sitini ilikuwa imepita, na walioviona kwa macho yao walikuwa wakipungua kila mwaka. Nilitakiwa niwaulize wazee, nilifikie kaburi, niandike daftarini jina, mahali na alama, kisha nichomeke kibao chenye namba.

Mtaani kwetu Kiponda alikuwepo Bi Mwanaidi, mshonaji wa kofia, jirani yetu mlango kwa mlango. Baba yake, Faki, alikuwa mmoja wa askari wale, na siku ya mizinga yeye Bi Mwanaidi alikuwa bado tumboni. Mama yake aliambiwa tu kwamba mumewe amejeruhiwa, ametiwa kwenye mashua na kupelekwa kusini, basi. Hakurudi. Kila Shaabani Bi Mwanaidi alipompa mwalimu karatasi ya majina ya marehemu wake wasomewe hitma, jina la Faki lilikuwa la kwanza, lakini mahali pa kukaa akamwombea baba yake hakuwa napo. Aliposikia kazi niliyopewa aliniita. Nikaitika naam, nikaenda. Akasema bila kuinua macho kwenye kofia yake, "Na baba yangu mtafute, mwanangu. Nshakuwa mzee, na sijapata kumwamkia."

Maneno hayo yaliniingia. Nikajiapiza kwamba makaburi mengine yatangoja, la Faki nitalipata mwezi uleule.

Nikauliza huku na huku mpaka nikaelekezwa Fumba, kwa Mzee Ameir, mchoma chokaa, ambaye alikuwa kijana siku mashua ile ya majeruhi ilipofika kijijini kwao. Nilifika adhuhuri, jasho linanitiririka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa dafu, akanionyesha mahali pa kukaa. Sikukaa. Nilisimama na daftari langu wazi. Yeye akaanza kunieleza upepo wa siku ile ulivyokuwa, na nani aliyeiona mashua mwanzo. Nikamkata kauli, mwanangu. Nilimwambia nataka mambo matatu tu: jina, mahali na alama.

Akanitazama kidogo. "Huyo Faki tulimzika ng'ambo," akasema, "penye mti wa mkungu. Kichwani pana kisahani cha buluu."

Nikaandika, nikafunga daftari. Akanambia, "Kaa kitako nkuhadithie, sijamaliza." Nikamjibu kwamba jua kali na safari yangu ndefu. Akacheka, akasema, "Haya, mwana wa mjini." Mimi nikadhani ananisifu.

Sasa, ujue sisi wa mjini tulivyokuwa. Ng'ambo kwetu ilikuwa moja tu duniani, ile ya upande wa pili, ukishapita Darajani, yenye nyumba za makuti na vichochoro vyake. Tulikuwa tukisema fulani kahamia Ng'ambo, fulani kaoa Ng'ambo, mpaka tukasahau kwamba kabla ya kuwa jina la mtaa ni neno la watu wote. Wala sikujiuliza kwa nini watu wa Fumba wambebe maiti safari yote ile kurudi naye mjini, wakamzike karibu na Waingereza haohao waliompiga. Akili yangu ilikuwa imeshafika ofisini kupokea sifa.

Wiki tatu niliyazunguka makaburi ya Ng'ambo. Wiki ya tatu nikauona mkungu mkubwa nyuma ya nyumba, na chini yake kaburi la zamani lenye kipande cha sahani kichwani, nyeupe yenye maua ya buluu. Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nyumba zilikuwa hapo hapo, watu wamo ndani, na hodi sikupiga. Nilichomeka kibao changu na kupanda baskeli nikampashe Bi Mwanaidi habari.

Ijumaa ile baada ya Alasiri tulikwenda, yeye na mimi. Alivaa kanga mpya ndani ya buibui, na mkononi alikuwa na rihani na chupa ya marashi. Wako waliomwambia kwamba mwanamke haendi makaburini, akawajibu kwamba yeye amengoja kabla wao hawajazaliwa. Akakaa chini, akaweka kiganja juu ya mchanga, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba." Nikageuza uso asiyaone machozi yangu. Nikwambie kweli, na kiburi nacho kilikuwamo. Kisha akasoma Yasini yote, taratibu, hakuruka hata herufi.

Alipokuwa akisoma, mwanamke mmoja alitoka nyumba ya pili na sinia la vitumbua. Alituona, akasimama kwa adabu mpaka Yasini ikaisha, akaitikia amina pamoja nasi. Ndipo akasogea, akakitazama kibao changu kwa muda, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Samahani, kaka. Bibi yangu alikuwa askari lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kaburi ni la bibi yake mzaa mama, na sahani ile ni ya jikoni kwake mwenyewe marehemu, aliyokuwa akiipenda, watoto wake ndio walioiweka pale. Nikaanza kubabaika, naomba radhi kwa huyu na kwa yule. Bi Mwanaidi alikuwa ameinama. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza mtu mzima. Alipoinua uso nikaona anacheka.

"Basi shikamoo yangu haikupotea," alisema. "Naye ni mkubwa kwangu."

Rihani akaiacha palepale na marashi akayamimina yote. Mjukuu wa mwenye kaburi akaweka sinia chini, wakaulizana hali na koo zao, vitumbua vikaliwa. Mimi changu nilikiacha siniani. Nikaking'oa kibao, nikakitia kwapani.

Njiani kurudi kicheko cha Bi Mwanaidi kikaisha. Akasimama, akataka nimwambie maneno ya yule mzee kwa ulimi wake mwenyewe, nisiongeze wala nisipunguze.

"Alisema, 'Tulimzika ng'ambo,'" nikamjibu.

"Ng'ambo ya wapi?"

Nikakihamisha kibao kwapa la pili.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza, Bi Mwanaidi."

Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema masikio yangu hayana kasoro, ila hayasikii kitu isipokuwa mji. Mama yake alikuwa mtu wa shamba, na kwa mama yake upande wa pili wa maji yoyote, hata mfereji, ulikuwa ng'ambo. Kisha akasema lililomwuma hasa: mzee wa umri ule nimemwacha wiki tatu, na akiwa amekwenda na maneno yake, basi na yeye atakufa hajamwamkia baba yake.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi tulipanda gari ya shamba, na njia nzima nilikuwa nikiomba Mungu amweke hai Mzee Ameir, kwa ajili ya yule mama, na kidogo kwa ajili yangu.

Alikuwa amekaa palepale nilipomwacha. Aliponiona akatabasamu. "Umerudi, mwana wa mjini? Nlikuwa sijamaliza."

Safari hii daftari nililiacha kikapuni, nikakaa kitako. Akaanza na upepo. Akaja kwa aliyeiona mashua mwanzo. Mwisho akafika kwa Faki, ambaye kwa majeraha yake yote alikuwa akiwachekesha waliombeba. Alisema aliiacha chai yake jumbani aende akaangalie kuna nini, na vita vimekwisha kabla chai haijapoa. Alimtaja na mkewe, na mtoto aliye tumboni, mpaka sauti ikamkatika. Bi Mwanaidi alicheka kwa habari ya chai na kulia kwa habari ya mtoto, yote kwa pamoja, nami nikafikiri kwamba maneno haya niliyakimbia kwa sababu ya jua.

Nyuma ya kijiji pana hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia baina ya mikoko. Maji yalikuwa yametoka, tukavuka yakitufika magotini, viatu vya Bi Mwanaidi nimevishika mimi. Upande wa pili, mkungu. Chini yake kaburi limepaliwa safi, na kichwani kisahani cha buluu kizima. Mzee Ameir na wanawe walikuwa wakilipalia kila Shaabani miaka yote ile, wala hawajui ni baba wa nani.

Bi Mwanaidi akakaa, akaweka kiganja juu ya mchanga. "Shikamoo, baba."

Na Mzee Ameir, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akajibu taratibu kwa niaba ya mwenziwe, "Marahaba, mwanangu."

Kibao namba kumi na nne nilikichomeka pale. Daftarini, penye nafasi ya mahali, niliandika: Fumba, ng'ambo ya hori, penye mkungu. Mzungu alilalamika kwamba ni maneno mengi. Nikamwambia ndivyo palivyo.

Basi, mwanangu, nakuusia. Mtu mzima akikuhadithia, usimchagulie la kusema, maana huenda unalolitafuta limo katika lile unalomkatiza. Akikutajia neno unalolijua, usione haya kuuliza kama neno lake na lako ni moja. Ukikosea kaburi la watu, omba radhi, kula kitumbua chako, kisha urudi ukatafute. Na mahali ulipozaliwa pasiwe ndio mwisho wa masikio yako.

Mungu akupe umri mrefu na subira ya kukaa kitako. Akujaalie wa kukuamkia ungali hai. Na siku ukivuka, akupe mtu wa kuuliza ng'ambo ya wapi, naye asichoke mpaka akufikie. Amina.