Muflisi wa Kwao Nyanchoka

Nyanchoka Mosoti alilelewa Migori, nyuma ya karakana ya kaka yake. Wazazi wao, Wakisii waliokuja mjini kuuza ndizi, walifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Machuki, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyemlisha, akamvisha na kumsomesha. Mageti mengi ya mji ule yalitoka mikononi mwake, na kila geti lilimsogeza dada yake darasa moja mbele.

Nyanchoka alisoma sheria mpaka akawa daktari, akafundisha chuo kikuu, na jina lake likajulikana kwa jambo moja: sheria ya kufilisika. Aliandika kwamba mahakama ikimtangaza mtu kuwa muflisi haimwadhibu, inampa nafasi ya kuanza upya. Sisi watu, aliandika, ndio tunaogeuza huruma ile kuwa aibu.

Machuki naye alikuwa amepanua biashara, akafungua duka la saruji na mabati kando ya karakana. Kisha mkandarasi mmoja akabeba mali nyingi kwa ahadi tupu, akatoweka, na benki iliyomkopesha Machuki ikamgeukia. Alifikiria kuvuka mpaka ajifiche Sirare, upande wa Tanzania. Nyanchoka ndiye aliyemkataza kwa simu, akamshauri aende mwenyewe kortini aombe kutangazwa muflisi.

"Sheria itakulinda, kaka," alimwambia.

Machuki akaenda. Hakuwa na sababu ya kumshuku dada ambaye yeye mwenyewe alimsomesha kwa mikono yake.

Siku ya mnada wa mali ya Machuki, Nyanchoka hakuonekana. Alisema alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Alikuwa nayo kweli, ila ingeweza kungoja. Hakutaka kusimama kando ya barabara huku watu waliomjua tangu utotoni wakibeba vitu vya kwao. Baadaye akaandika makala juu ya "mfanyabiashara mmoja wa magharibi mwa Kenya", nayo ikasifiwa sana. Machuki alijiuzulu uzee wa kanisa bila kuombwa na mtu, akahamia Isebania, mpakani, akaajiriwa katika ghala la mchele la mama mmoja aliyeitwa Kerosi. Dada yake alimpigia simu mara mojamoja, tena akiwa peke yake garini, vioo vimefungwa.

Mwaka jana alialikwa Homa Bay kuzungumza mbele ya mahakimu, waendesha mashtaka na wafanyabiashara. Alikuwa katikati ya maelezo, akisema kwamba sheria haimwachi muflisi mikono mitupu, kwamba nguo zake, matandiko yake na vifaa vyake vya kazi haviuzwi, mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Machuki akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Alikuwa amesikia redioni kwamba dada yake angekuja, akaomba ruhusa kazini. Aliketi karibu na mlango, akamtazama kwa tabasamu la mzazi aliyekuja kumwona mwanawe akipewa zawadi shuleni.

Wakati wa maswali alisimama Eucabeth, mwuza samaki kutoka Mbita.

"Daktari, umeongea vizuri. Lakini wewe mwenyewe umewahi kuishi na muflisi? Wa kwenu, umwone akiamka asubuhi?"

Nyanchoka aliwaangalia mahakimu waliokuwa safu ya mbele, kalamu mkononi. Kisha akamwangalia kaka yake.

"Hapana," alisema. "Kwetu hatujapata mtu kama huyo."

Machuki aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyejulishwa jambo.

Nyanchoka alidhani angeondoka. Hakuondoka. Wakati wa chai alipanga foleni ya kumsalimia pamoja na wengine, na zamu yake ilipofika akampa mkono kwa heshima. "Asante, daktari. Nimejifunza," alisema, akapisha mtu wa nyuma yake. Alikuwa ameushika uongo ule pamoja naye ili usianguke. Eucabeth, aliyekuwa karibu, kikombe mkononi, alimfuata yule mwanamume kwa macho mpaka akatoka, akasema kwamba daktari na mwanamume yule wamefanana paji la uso. Nyanchoka akajifanya hakusikia. Hiyo ikawa mara ya pili kumkana.

Jumapili alikwenda Isebania. Alimkuta Machuki akipima magunia mlangoni pa ghala, na malori yakingoja kuvuka. Alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini kaka yake alimkalisha juu ya gunia na kumwambia kwamba jibu alilompa Eucabeth halikumuumiza sana. Hata yeye, mahali pale, labda angekataa. Lilikuwapo jambo lingine lililomkosesha usingizi.

"Ulisema vifaa vya kazi haviuzwi. Mashine yangu ya kuchomelea waliiuza. Ulikuwa unajua wakati ule?"

Nyanchoka alijua. Alikuwa akikifundisha kifungu hicho kila mwaka. Angefika siku ile ya mnada na kutamka sentensi moja tu, dalali angeiacha mashine, na Machuki angekuwa bado fundi.

"Nilijua," alisema. "Niliona haya kuja."

Machuki akarudi kwenye mizani, maana lori lilikuwa linangoja.

Nyanchoka aliitafuta mashine ile mpaka akampata aliyeinunua, fundi wa Rongo. Ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kuuzwa vipande. Alitaka kununua nyingine. Machuki akakataa, akamwomba jambo moja tu: Jumamosi, siku ya Sabato, aje waende kanisani Migori, pale wanapojulikana.

Walikwenda. Wageni walipoombwa kujitambulisha, Nyanchoka akasimama. "Huyu ni kaka yangu," alisema. "Ndiye aliyenisomesha. Alipofilisika nilimwacha peke yake." Hakuna aliyecheka, wala aliyempigia makofi. Alikaa akitarajia kifua chake kiwe chepesi, lakini uso ulizidi kumwaka, na mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka kumtazama, kisha akageuka tena.

Baada ya ibada walisalimiana na watu uani. Wengine walimkumbatia Machuki, wengine walipita. Jua liliposhuka, Nyanchoka alimrudisha Isebania kwa gari lake, kwa kuwa kesho yake mchele ulikuwa unaingia. Njiani hawakuongea mengi. Vioo vilikuwa wazi.