Utando wa Maziwa ya Papa

Papa, yaani baba yangu, alizaliwa kwenye milima ya Kivu, kwa watu wa ng'ombe, akashuka Kisangani kuwa kapita, msimamizi wa bohari moja bandarini. Mama alizaliwa karibu na Isangi, kwa watu wa mitumbwi na nyavu. Papa hakula samaki, alisema wananuka. Mama hakunywa maziwa, alisema ni jasho la mnyama. Walipendana hivyo hivyo, na mimi nikakulia Mangobo katikati ya harufu zao mbili, nikila na kunywa vyote.

Miaka ya hamsini ilipoanza Papa alikuwa na anasa moja tu. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, na viatu alikuwa na jozi mbili, moja ya kazi na moja ya misa. Lakini kila asubuhi ilibidi apate maziwa ya ng'ombe, yamechemshwa, na juu yake utando. Ule utando ulikuwa haki yake kama mkuu wa nyumba. Aliuchota wote kwa kijiko, akafumba macho, akautafuna taratibu, na mpaka ameumeza hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Kisha alitoa hukumu. Leo ng'ombe amekula majani mabichi. Leo ng'ombe ana mawazo. Mimi niliamini kila kitu.

Maziwa yenyewe yaliletwa na mtu wa baiskeli, kutoka shamba la mzungu mmoja ng'ambo ya mto, ndani ya chupa zenye kifuniko cha karatasi. Yalikuwa ghali kiasi kwamba mama alipomlipa yule mtu aligeuza uso pembeni.

Nilipofika miaka kumi, masista wa misheni walitangaza darasa la bweni la wasichana ambao baadaye wangeweza kusomea ualimu. Nililitaka darasa lile vibaya sana. Niliandika kwa kidole kwenye vumbi, kwenye unga, kwenye mgongo wa mama akiwa amelala. Lakini ilihitajika sare, viatu, na karo ya kila muhula, na nilipomwomba Papa alijibu kwa upole kabisa kwamba franga haiko. Halafu akapangusa maziwa kwenye masharubu yake. Asubuhi ile nilimchukia ng'ombe ambaye sijawahi kumwona, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mama aliona. Alinitazama mimi, akatazama kikombe. Kesho yake alikwenda kwenye duka la Mgreki, akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga chini ya kitenge, amelikumbatia tumboni kama mwenye mimba. Kopo moja lingetufikisha majuma matatu, na bei yake haikufika bei ya chupa za juma moja. Kilichobaki kingekuwa karo yangu. Alimwambia mtu wa baiskeli asije tena, akanunua kwake chupa mbili tupu, na kopo akalificha mahali ambapo Papa hangeweka mkono hata kwa amri ya mahakama, yaani chini ya kapu la samaki wa kukaushwa.

Siku ile ya kwanza tulitaka kwanza kujua ni kitu gani. Mama alichota kijiko kizima akakitia mdomoni mwake, kingine akakitia mdomoni mwangu. Mtu yeyote aliyewahi kulamba maziwa ya unga makavu anajua kilichofuata. Yalinata kwenye kaakaa, yakashika ulimi, yakafunga meno. Na ndipo mlango ukafunguka, Papa akaingia, maana bandarini meli ilikuwa imechelewa na wafanyakazi waliruhusiwa kurudi nyumbani. Akatusalimu. Mama akatikisa kichwa. Akanisalimu mimi, nikatikisa kichwa. Akauliza kama kuna aliyekufa. Mama, mdomo umefungwa kabisa, akaonyesha mbinguni kwa kidole, na mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Papa alivua kofia yake kwa heshima, akatoka kukaa nje. Tulilala sakafuni kwa kicheko kisicho na sauti, unga ukitutoka puani.

Kuchanganya unga na maji lilikuwa jambo jepesi. Mama alijaza chupa kabla hakujapambazuka, akafunga karatasi, akaiweka kizingitini kana kwamba mtu wa baiskeli amepita. Tatizo lilikuwa utando. Yale maziwa yalikuwa yameondolewa mafuta, na yakichemka juu yake palitokea kitu chembamba ambacho kijiko kikikigusa tu kinapotea. Siku mbili za kwanza Papa alitazama ndani ya kikombe chake kwa huzuni hata mimi nikamhurumia. Alisema ng'ombe ni mgonjwa. Siku ya tatu alisema kama hali ni hiyo ataomba ruhusa kazini, avuke mto, aende kumwangalia yule mnyama mwenyewe.

Jibu mama alilipata kwenye nguo. Kila Jumamosi alipika wanga wa muhogo wa kunyooshea kola za mashati ya Papa, na siku ile, akisubiri upoe, aliona juu ya sufuria umefanya ngozi nyeupe, laini, inayokunjamana ukiisukuma kwa kidole. Aliniita kwa mkono bila kuondoa macho, kama mvuvi aliyeona samaki akitikisa maji. Tulijaribu mara nyingi. Mara ya kwanza ulikuwa mwepesi mno, mara ya pili ulikatika, mara ya tatu tulicheka ukaanguka jikoni kwenye majivu. Mwishowe mama alipata kipimo chake: wanga kidogo sana, maziwa kidogo, tone la siagi na chembe ya chumvi, vimwagwe kwenye sahani bapa vipoe, kisha ule utando uinuliwe kwa mwiko na kulazwa juu ya kikombe cha moto.

Asubuhi iliyofuata Papa alichota, akafumba macho, akatafuna. Mimi na mama tulishikana mikono chini ya meza. Akameza. Akasema ng'ombe amepona, na kwamba kwa kweli tangu atoke kwao hajawahi kula utando wa namna ile.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima. Papa alivaa wanga shingoni na akala wanga asubuhi, akaenda kazini amenyooka nje na ndani. Mara moja tu alisita, akasema maziwa yana harufu kidogo ya samaki. Mama alimweleza kwamba shamba la yule mzungu liko kando ya mto na ng'ombe wanakunywa maji ya mto. Papa alifikiri, akasema hilo linaingia akilini. Na franga ziliingia moja moja kwenye kopo la zamani, chini ya samaki.

Lakini kuwa na franga si kuwa na ruhusa. Mwisho wa mwaka zilikuwa zimetosha, na mama hakuwa na njia ya kumwambia Papa zilikotoka. Masista walitaka jibu kabla ya muhula kuanza. Mama alizunguka uani akiongea peke yake, na mimi niliacha kuandika kwenye vumbi.

Ndipo Papa akawaalika wazee wa kwao.

Walikuwa watatu, watu wa milimani waliokuwa wakiishi upande wa Kapalata, na mkubwa wao alikuwa amechunga ng'ombe miaka arobaini kabla ya kuteremka kumfuata mwanawe askari. Papa alikuwa amejisifu kwao kwa miezi mingi, na sasa wanakuja Jumapili baada ya misa, wanywe, wathibitishe. Mama alipopewa habari alikaa chini. Kumdanganya mume mmoja ni jambo la nyumbani. Kuwadanganya wachungaji watatu kwa unga wa Mgreki ni kutafuta aibu ya mtaa mzima, na aibu ile ingemwangukia Papa mbele ya watu wake, na shule yangu ingezama nayo.

Jumapili ile moto ulikuwa na sufuria mbili. Moja ilikuwa na wanga mwepesi wa utando. Nyingine ilikuwa na wanga mzito, maana Papa alitaka shati lake la wageni lisimame lenyewe. Mama alikwenda kumfunga Papa vifungo, akaniambia nimwage wa utando kwenye sahani. Nikamwaga wa shati.

Mama aligundua wageni wakiwa wamekwisha kaa. Utando ulikuwa mnene, umekaza juu ya kikombe kama kifuniko. Hakukuwa na wakati. Alinitazama tu, akabeba sinia akaingia nalo, mimi nyuma yake nimebeba vijiko.

Papa, kwa heshima, alimpa mzee mkubwa haki yake ya utando. Mzee aliusukuma kwa kijiko, haukukatika. Akauinua wote kwa pamoja, ukaning'inia. Wale wawili wengine walisogea mbele. Akauingiza mdomoni na kuanza kutafuna, na akatafuna muda ambao mimi ningeweza kusema rozari nzima. Jasho lilishuka kwenye kola ya Papa iliyonyooshwa. Mama alitazama ukutani. Mzee akameza, akaweka kijiko chini, akamgeukia Papa, na machoni alikuwa na machozi.

"Hii ng'ombe ilizala juzi," alisema. "Hii njo maziba ya kwanza. Unene ya vile sikuionaka tangu nitoke kwetu."

Kikombe kikazunguka. Wa pili alionja akakubali, wa tatu akakubali. Walijadili kwa lugha yao, wakapiga makofi taratibu, wakamshika Papa bega, kwa sababu maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni hayauzwi ovyo, na kama mzungu amempelekea Papa basi Papa ni mtu mwenye baraka. Papa alikaa wima, uso wake ukimeremeta. Kisha mzee akageuka kwa mama.

"Mama, ile ndama iko ya kike ao ya kiume?"

Mama, binti wa mto, ambaye hajawahi kumshika ng'ombe hata mkia, hakusita.

"Iko ya kike, papa."

Hapo wazee watatu walisimama, wakaimba. Ndiyo, waliimba, sebuleni kwetu Mangobo, na Papa akaimba pamoja nao huku akipiga mguu chini, na majirani wakaja dirishani kuona kuna nini. Walipochoka mzee alikaa, akapumua, akamwambia mama hivi:

"Kwetu, ng'ombe ikizala ndama ya kike, mwanamuke wa nyumba anaombaka kitu kimoja, na bwana yake hawezi kumukatalia. Alors, omba."

Nilimwona mama akivuta pumzi.

"Ninaomba huyu mutoto aende kusoma kwa bamasere, kwa masista."

Papa aliacha kucheka. Akauliza, na si kwa hasira, franga itatoka wapi.

"Ninawekaka kidogo kidogo," mama akasema. "Tangu mwaka jana. Iko."

"Bon," mzee akamwambia Papa, "amekujibu."

Papa alinitazama mimi, akatazama kikombe kitupu, akatazama wenzake. Akacheka tena. Akasema ndama wa kike wawili kwa siku moja ni wengi mno kwa kapita wa bohari, lakini sawa, niende. Mimi nilikimbia uani na kuzunguka nyumba mara tatu nikiwa bado nimeshika vijiko.

Kilichofuata ni kwamba mama alilazimika kumlea yule ndama. Papa aliuliza habari zake kila juma, na mama alibuni. Ndama aliumwa na kupe, akapona. Ndama aliogopa mvua. Nikiwa darasa la nne kwa masista, ndama naye akazaa. Mimi niliporudi likizo nilisimuliwa habari za ng'ombe kabla ya kuulizwa habari za shule, na ilibidi nitoke nje mara kwa mara kwa kisingizio cha kukohoa.

Kabla miaka ile ya hamsini haijaisha nilikuwa mwalimu. Mshahara wangu wa kwanza nilijua nitaufanyia nini. Nilivuka mto kwa pirogi, nikalitafuta shamba la yule mzungu, nikanunua chupa mbili za maziwa yenyewe, ya joto bado. Nilirudi nimezishika kifuani, nikitabasamu peke yangu mpaka mpiga kasia akaniuliza kama ninaolewa. Mama aliyachemsha bila kuongeza kitu. Utando wake ulikuwa mwembamba, wa manjano kidogo. Nilimpelekea Papa mwenyewe, nikamwambia nimeyanunua kwa kazi ya mikono yangu.

Papa alichota utando, akafumba macho, akatafuna. Akanywa kidogo. Akaweka kikombe chini, akanishika mkono ili nisiumie moyo.

"Mwana yangu," alisema, "bamekudanganya. Hii iko ya poudre, ya unga."

Mama alikwisha kutoka. Nilimfuata jikoni, nikamkuta kwenye kigoda, kitenge mdomoni, mabega yanatikisika. Nikaanza kucheka naye, tukashikana kama siku ile ya unga. Kisha nikaona kwamba machozi yake yalikuwa mengi kuliko kicheko.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba nimemunyima maziba yake, na leo hayijui tena."

Miaka ile saba ilikuwa imenisomesha mimi. Kutoka sebuleni Papa aliita, akauliza kama hakuna maziwa ya kawaida, yale ya nyumbani. Mama alipangusa uso, akaondoa samaki kwenye kapu, akatoa kopo. Mimi nikachochea moto, na yeye akapima wanga.