Ubishi wa Mogogosiek juu ya Mchoraji Bora

Ng'ombe wa bucha ya Ombati alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na alichorwa ukutani akigeuza shingo kama aliyesikia mtu akimwita jina. Watu wa Mogogosiek walimzoea hata wakielekeza mgeni njia walisema, ukifika kwa ng'ombe, pinda kushoto.

Kipngeno alikuwa amepaka miguu ya nyuma na nyasi. Kichwa, na hasa macho, ilikuwa kazi ya Okello, fundi aliyemfundisha. Okello alitokea upande wa Ahero akitafuta kuta za kuandika, akamkuta Kipngeno akiwa kijana asiyependa kuchuma majani chai, anayechorachora kwa makaa kwenye mlango wa zizi la baba yake. Alimpa brashi akamwambia ajaribu herufi moja tu, S, kwa sababu S humuumbua mtu upesi. Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja. Asubuhi walivuta uzi wa chaki wa kunyooshea mistari na kupaka majina ya maduka na vinyozi. Mchana mvua ilipoingia walikimbilia barazani, na Okello akaanza hadithi zake huku akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. Kipngeno hakuwahi kupata tena kazi tamu kama ile ya miaka hiyo, ingawa baadaye alipata kubwa zaidi.

Halafu mwaka wa tisini na mbili ukaja na vurugu zake, majirani wakaanza kuulizana makabila. Asubuhi moja Okello na mkewe, Phelis, walipakia magodoro kwenye lori wakaondoka. Kipngeno alimsaidia kufunga kamba. Okello alimwachia ngazi na mikebe ya rangi, akapanda. Kuanzia hapo jina lake halikutajwa sokoni. Si kwamba watu walimchukia, waliona haya.

Ilipita miaka mitatu hivi. Mwalimu Ogoti, aliyefundisha sanaa katika shule ya msingi, akaja hotelini kwa Chelangat na kalenda kuukuu aliyopewa na mmishonari. Ilikuwa imejaa picha za wachoraji wa ng'ambo. Aliitandaza mezani kati ya vikombe.

"Huyu Mtaliano ndiye mkubwa kuliko wote tangu dunia iumbwe," alisema. "Alichora dari la kanisa, lote, akiangalia juu mpaka shingo ikakauka."

"Ulienda ukaliona hilo dari?" Ombati aliuliza.

"Nimesoma."

"Basi hujaona. Mimi ng'ombe yangu naona kila siku. Kuna mzee wa Mulot alisimama pale nje akaniuliza mama ya huyo ng'ombe alikuwa anatoa maziwa kiasi gani. Huyo Mtaliano wako ameulizwa hivyo na nani?"

Hoteli nzima ilicheka. Mzee Johana, mzee wa kanisa, aliweka kikombe chini. "Mchoraji mkubwa ni Mungu. Angalieni hayo majani chai jua likitoka baada ya mvua."

"Mzee, tunaongea juu ya watu wenye brashi," Chelangat alimjibu kutoka jikoni.

Ubishi huo ulidumu msimu mzima wa mvua. Watu walikuja wakiwa wameshapeleka majani kituoni, makoti yakidondosha maji, wakaagiza chai na kuuendeleza walipouacha. Ogoti aliwatetea wafu wake wote, hata yule Mholanzi aliyejikata sikio. Ombati hakutoka kwa ng'ombe wake, ila alisema "aliyechora" na kuishia hapo, bila kutaja jina. Mwishowe Ogoti alimgeukia Kipngeno, aliyekaa kila siku akisikiliza.

"Wewe ndiye fundi hapa. Ni nani?"

Wengi walidhani atajitaja mwenyewe.

"Okello," Kipngeno alisema.

Chelangat aliacha kumimina chai. Halafu Mzee Johana akauliza polepole, "Na siku hizi yuko wapi?"

Hakuna aliyejua, na kutojua huko kulimchoma Kipngeno kuliko chochote. Jumapili iliyofuata alisafiri hadi Ahero, akauliza sokoni, akaelekezwa kwenye kinu cha kusaga unga. Okello alikuwa juu ya meza akiandika kwenye ukuta wa kinu. Alikuwa amekonda, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimaliza herufi yake kwanza, ndipo akageuka.

"Kijana yangu," alisema. "Umekuja kunichukulia kazi?"

Walikula samaki nyumbani kwake, na Phelis akauliza habari za kila mtu kwa jina, hata wale ambao Kipngeno alitamani asiulizwe juu yao. Baada ya chakula Kipngeno alisimulia ubishi wa hotelini na jibu alilotoa. Okello alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Umewadanganya. Mimi nikija kwenu mara ya kwanza nililala njiani, Sigowet, kwa kogo mmoja, nyanya mzee aitwaye Taprandich. Nyumba yake ya udongo alikuwa ameichora kwa majivu na udongo mwekundu, kuta zote. Macho ya ng'ombe nilijifunzia hapo."

"Lakini hiyo si mvua huosha?"

"Iliosha. Na yeye akachora upya, kila mwaka, na hakurudia ile ya mwaka uliopita. Mimi nikikosea herufi moja sina usingizi."

Kipngeno alimwomba arudi, hata kwa siku chache. Okello alisema ataona. Lakini mwaka uliofuata, mahindi yakiwa mabichi, alishuka Mogogosiek na mfuko mdogo, akakaa kwa Kipngeno wiki nzima. Ombati alimkaribisha kwa nyama. Mzee Johana alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Tulikukosea, ndugu yangu." Okello alimwambia, "Nimesikia, mzee," akavuta kiti. Yeye na Kipngeno walimpaka ng'ombe rangi mpya, Okello akichanganya, Kipngeno akipanda ngazi. Safari hii macho alipaka Kipngeno, na Okello akiwa chini akamwambia apunguze weupe kidogo.

Okello alifariki mwaka wa tisini na nane. Ombati aliazima pikapu, wakaenda mazishini Ahero wakiwa wamebanana nyuma: Kipngeno, Chelangat, Ogoti na Mzee Johana. Phelis alimpa Kipngeno msalaba wa mbao aandike jina. Aliandika kwa brashi nyembamba, taratibu.

Wakirudi walifika Sondu, katikati ya njia. Hapo Ogoti akaanza kueleza kwamba, kwa heshima yote, dari lile la kanisa mtu hawezi kulipita hivi hivi. Ombati, akiwa usukanini, akampandia juu kupitia dirisha la nyuma. Kipngeno aliegemeza kichwa kwenye ubao wa pikapu, akafumba macho, akawaacha wabishane.