Mtoto wa Saba kwenye Wasifu

Nafundisha Kifaransa sekondari, hapa Kasulu, na wanafunzi wangu hawapendi vitenzi. Wanapenda umbea. Basi huwa nawapa mabinti wa mfalme mmoja wa zamani wa Ufaransa, aliowazaa na mwanamke asiye mkewe, kisha akaandika barua rasmi kwamba ni wake kihalali. Akawaoza ndani ya ukoo wake mwenyewe. Mmoja aliolewa na mtoto wa mdogo wake mfalme, na mama wa kijana, kusikia mwanawe amekubali, akamzaba kofi mbele ya watu. Vyeo walipopata, mabinti hao wakazozana na binamu zao miaka na miaka: nani atangulie mlangoni, nani akalie kiti na nani stuli.

"Madamu, kumbe hata wafalme wana michepuko!" Darasa zima linacheka, nami nacheka nao. Hawajui kwamba mwalimu wao naye ni mtoto wa nje.

Baba alikuwa karani wa serikali, ana mke na watoto sita. Mama yangu anauza maharage sokoni Kibondo. Ada yangu baba alilipa, hilo silikatai, lakini kwake nilikuwa mgeni wa sebuleni: napewa soda, nakunywa, naondoka. Nilitaka kitu kimoja tu, nitajwe mbele ya watu kuwa ni mwanawe. Nilikuwa najiambia sijali. Uongo mtupu.

Alipofariki mwaka jana, shangazi, dada yake baba, aliniita asubuhi ya mazishi. Wasifu wa marehemu ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na mwenye kompyuta pale msibani ni mimi. Nikachapa: kuzaliwa, shule, kazi, kuugua. Nikafika penye "ameacha mjane na watoto sita". Nikaacha kuchapa.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Andika saba, mwanangu. Kikao cha ukoo kimekubali jana. Weka na jina lako, liwe la mwisho."

Jamani, nilifurahi! Na umri wangu huu, moyo ulinidunda kama nimefaulu mtihani. Nikachapa saba. Mstari uliofuata ulisema watoto hao alijaliwa na mke wake mpendwa. Nikamwuliza shangazi, na mama yangu je?

"Hapo usipaguse. Mjane amekubali kwa sharti hilo. Unataka kuandikwa au hutaki?"

Barua ya yule mfalme nayo haikumtaja mama wa watoto, maana alikuwa mke wa mtu. Nimeifundisha miaka yote hiyo bila kuwaza lolote. Nikauacha mstari ulivyo, nikaenda stesheneri kutoa nakala.

Saa nane wasifu ukasomwa. Watoto wa marehemu walipoambiwa wasimame, nilisimama, wa saba, na kitenge cha sare kama wenzangu. Watu wakanikodolea macho, sikuinamisha kichwa. Mama alikuwa amekuja na basi la asubuhi, amekaa mkekani na akina mama wa mtaa, uso mkavu. Mstari ule aliusikia kama kila mtu.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta uani anasugua masufuria. Mama mmoja mgeni akamwuliza kwa upole, mwenzetu, wewe ni nani kwa marehemu? Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na mdomo ninao. Nikanyamaza, nikamwachia ajibu mwenyewe.

"Mimi nimekuja kusaidia vyombo," mama akasema.