Kitalu cha Mkono wa Kushoto

Mimi ni mtu wa mbegu. Miaka yangu mingi imeishia kwenye shamba la mbegu la Kilangali, nikipima vitalu kwa kamba na kuandika kwenye daftari mmea upi umestahimili na upi umelala. Ukikaa sana kwenye kazi hiyo unaanza kuamini kwamba kila kitu duniani, pamoja na mama yako mzazi, ni kitalu.

Mama alikuwa akisuka ukili. Alikuwa ameanza mkeka wa harusi ya binti yangu, mjukuu wake wa kwanza, na aliapa kwamba akiwa hai mtoto huyo hataolewa juu ya mkeka wa plastiki. Kisha vidole vikaanza kumvimba. Asubuhi hakuweza kushika kikombe cha chai mpaka jua lipande. Nikasema ni baridi yabisi tu, uzee huo. Dada yangu anayeishi Mikumi akapiga simu: "Kaka, mpeleke hospitali, Kilosa si mbali." Nikamwambia atulie, kuna jambo la kisayansi nalishughulikia.

Jambo lenyewe lilikuja kwenye simu, kwenye kundi la watu niliosoma nao, ambao wote ni madaktari ilimradi anayeumwa si wao. Makala ilisema ndani ya manjano kuna kiambata kiitwacho kurkumini, ambacho huenda kikapunguza uvimbe wa viungo, na kwamba utafiti bado unaendelea. "Huenda" niliiruka. "Bado unaendelea" niliiruka pia, nikatua kwenye picha ya manjano. Kazini, mtu akiniletea mbegu yenye ushahidi wa namna hiyo, ningemfukuza na gunia lake.

Nikaanzisha jaribio. Mkono wa kushoto niliupaka manjano, na kwa kuwa makala ilitaja pilipili manga, nayo nikaisaga humo humo, nikafunga kitambaa. Wa kulia nikauacha mtupu, uwe kitalu cha kulinganishia. Nilichagua wa kushoto kwa sababu mama hula kwa ule mwingine, na sikutaka ugali wake uwe wa njano. Nilijiona nimefikiria kila kitu! Nikapiga marufuku dawa nyingine yoyote, isije ikaniharibia matokeo. Jirani yetu mfugaji alipoleta magome ya kuchemshia supu, nilimshukuru kwa mdomo, nikayatupa. Ushamba huo, nikasema, huku kucha zangu zikiwa za njano.

Kila Ijumaa nilikaa mbele ya mama na daftari.

"Wa kushoto?"

"Afadhali, mwanangu."

"Wa kulia?"

"Huo bado."

Nikaandika. Msimu mzima wa mvua niliandika, na sikuona kwamba ukili ulikuwa pale pale kwenye kona, urefu ule ule.

Dada alikuja bila kutuarifu. Akaitazama mikono ya mama, akafungua daftari langu, akasoma kurasa mbili. "Kaka," akasema, "mama si mahindi." Kesho yake tulikuwa Kilosa.

Daktari alikuwa na umri wa binti yangu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba. Akabonyeza vidole vya kushoto, mama akauma mdomo. Akabonyeza vya kulia, akauma vile vile. Alitueleza kwamba ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vya mwili huo huo, kwamba kwa kawaida hushika mikono yote miwili, na kwamba zipo dawa za kuuzuia ugonjwa mgonjwa akiwahi.

"Ila hivi vilivyokwisha kupinda havitanyooka," akasema. "Mlikuwa wapi?"

Dada alinitazama. Mimi nikamgeukia mama.

"Mama, si ulisema wa kushoto una afadhali?"

"Ulikuwa unaandika kwa raha, mwanangu. Ningekukatizaje?"

Ninaona aibu, sifichi. Manjano hayana kosa, na huenda siku moja watafiti wakakipatia kiambata hicho kazi yake. Aliyekuwa na haraka ni mimi. Siku hizi mama anameza vidonge vyake na uvimbe umepungua, lakini harusi ilifanyika juu ya mkeka wa plastiki wenye picha ya tausi. Mama aliukalia bila kusema neno.

Maneno huyaweka kwa ajili ya wakati wa kula. Nikimletea beseni na birika nimnawishe, ananyoosha mikono yote miwili, imepinda sawasawa, ananiuliza, "Haya, bwana shamba, leo unaosha upi?"